Kabla ya Kujumlisha, Tazama

Mwanangu, chota kikombe cha maharage na kikombe cha mahindi, uje navyo hapa mezani. Kalamu iache. Kikokotoo kiache. Najua una haraka. Mtihani wa kidato cha tatu hauko mbali, na kanuni za kukariri zimejaa daftari zima. Lakini hii moja ya kujumlisha namba zinazopanda kwa hatua sawa, nataka uione kwa macho yako kabla hujaitia kichwani.

Panga maharage. Mstari wa kwanza weka punje moja. Wa pili, punje mbili. Wa tatu, punje tatu. Endelea hivyo hadi mstari wa kumi. Taratibu, hakuna anayekufukuza. Haya, maharage yote ni mangapi?

Usihesabu. Shika mahindi sasa. Kwenye mstari wenye haragwe moja, ongeza punje 10 za mahindi. Kwenye wenye maharage mawili, ongeza 9. Wenye matatu, ongeza 8. Shuka nayo hivyo hivyo mpaka mstari wa mwisho, wenye maharage 10, ambao utapata punje moja tu ya mahindi.

Tazama sasa. Ule mteremko umepotea. Kila mstari una punje 11, na mistari ni 10. Jumla ni 110. Nusu ni maharage, nusu ni mahindi, kwa sababu ulipanga kitu kilekile mara mbili, kimoja kimesimama na kingine kimepinduliwa. Basi maharage ni 55.

Ni hilo tu, mwanangu. Namba zinazopanda kwa hatua sawa, ukizipindua ukaziweka kando ya zenyewe, hufidiana. Kinachopungua huku kinaongezeka kule kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kila jozi inalingana na jozi nyingine. Kanuni uliyoandikiwa ubaoni inasema maneno hayo hayo: chukua namba ya kwanza na ya mwisho, zijumlishe, zidisha kwa idadi ya namba zote, kisha gawanya kwa mbili. Ule mgawanyo wa mbili ni mahindi unayoyaondoa mezani.

Nimefundisha hesabu muda mrefu, nami nimewaona watoto wenye akili nzuri wakiandika kanuni hii bila kukosea herufi, halafu wakasahau kugawanya kwa mbili. Hawakuwa wavivu. Walilala na daftari kifuani. Ila hawakujua ile mbili imetoka wapi, na kitu usichojua kimetoka wapi huoni kinapopotea. Mtoto aliyewahi kupanga mahindi hawezi kuleta jibu la 110 akatulia. Moyo utamsuta tu.

Utasimuliwa pia habari za Carl Friedrich Gauss. Alizaliwa mwaka 1777 katika mji wa Braunschweig, Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za mikono, mama yake hakuwa na elimu ya shule. Mtoto akapelekwa kwa mwalimu aliyeitwa Büttner, katika chumba chenye dari fupi, watoto wapatao mia moja wamebanana, na mwalimu anapita kati yao na kiboko. Siku moja Büttner akatoa hesabu ya kujumlisha namba zinazofuatana kwa hatua sawa. Desturi ya darasa ilikuwa hivi: anayemaliza kwanza anaweka kibao chake juu ya meza, wa pili anaweka juu ya hicho, na kuendelea. Gauss alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Mwalimu ndiyo kwanza amemaliza kutaja swali, mtoto amekwisha weka kibao. Wenzake wakaendelea kuandika, kujumlisha, kufuta na kuandika tena, naye ameketi kimya. Vibao vilipopinduliwa mwishoni, chake kilikuwa na namba moja tu, na namba hiyo ilikuwa sahihi. Vingi vilivyokuwa juu yake vilikuwa na makosa.

Habari hii iliandikwa mwaka 1856, mwaka mmoja baada ya Gauss kufariki, na rafiki yake Wolfgang Sartorius von Waltershausen, aliyeisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe alipokuwa mzee. Sartorius hakutaja namba zilizojumlishwa. Ile 1 hadi 100 yenye jibu la 5,050, ambayo kila mwalimu huisimulia, ilitiwa na wasimuliaji wa baadaye. Nami niliisimulia hivyo kwa miaka.

Watu huitumia hadithi hii kusifu wepesi. Humwambia mtoto, "Unaona? Gauss alimaliza kabla ya wote." Mimi naona kinyume chake. Waliokuwa na haraka darasani humo ni wale wengine. Wao ndio walioanza papo hapo kujumlisha namba moja baada ya nyingine. Gauss, nadhani, hakuanza kujumlisha. Alizitazama namba kwanza zinavyokaa, akaona zinavyolingana kutoka pande mbili, ndipo akaandika. Muda wake aliutumia pale ambapo wenzake hawakuutumia kabisa.

Na tukiwa hapo, usimsahau Büttner. Yule mwalimu wa kiboko, alipoona mtoto huyu ni wa namna gani, aliagiza kitabu cha hesabu kutoka Hamburg kwa ajili yake. Msaidizi wake, Martin Bartels, kijana aliyemzidi Gauss kwa miaka minane tu, akawa anakaa naye wanasoma pamoja. Bartels baadaye alikuwa profesa huko Kazan, Urusi. Kama una mwalimu mkali, mwanangu, usimhukumu mapema. Huenda naye anangoja kibao kimoja cha kumfurahisha.

Lakini usidhani Gauss ndiye aliyegundua jambo hili. Miaka kama elfu moja kabla yake, kulikuwa na kitabu cha mafumbo ya kunoa akili za vijana, ambacho watu hukihusisha na Alcuin, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 804. Humo mna ngazi yenye vipandio 100. Kipandio cha kwanza kina njiwa mmoja, cha pili njiwa wawili, cha tatu watatu, hadi cha mia. Njiwa ni wangapi? Mwenye kitabu alifanya hivi. Njiwa wa kipandio cha 1 aliwaweka na wa kipandio cha 99, wakawa 100. Wa 2 na wa 98, wakawa 100. Akapata jozi 49, yaani njiwa 4,900. Wakabaki njiwa 50 wa kipandio cha kati, ambao hawana mwenzi, na 100 wa kipandio cha juu kabisa. Jumla 5,050. Umeona? Hakuoanisha kama tulivyooanisha sisi hapa mezani, na bado amefika. Aryabhata wa India naye aliiandika kanuni hii mwaka 499, na ni ileile uliyonayo daftarini.

Kile kipandio cha kati kisicho na mwenzi ndicho huwatisha wanafunzi. Wanauliza: je, idadi ya namba ikiwa witiri, moja ikabaki peke yake, kanuni inaharibika? Haiharibiki. Chukua 4, 7, 10, 13, 16, 19, 22. Ziko saba. 4 na 22 ni 26. 7 na 19 ni 26. 10 na 16 ni 26. Imebaki 13, ambayo ni nusu ya 26. Haikuachwa yatima. Yenyewe ndiyo wastani wa zote, na 13 mara 7 ni 91, jibu lako. Kila ukiwa na witiri, ile ya katikati inakufanyia kazi yote.

Sasa nikuambie kosa langu, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka, na kuanguka kwangu karibu kumpunje mjane.

Jirani yetu alitaka kisima uani kwake. Akapatana na mchimbaji kama watu wanavyopatana: mita ya kwanza shilingi 20,000, na kila mita inayofuata bei ipande kwa 5,000. Bei hupanda kwa haki. Juu udongo ni laini na mtu anautupa nje kwa koleo. Ukishuka, udongo unakuwa mgumu, sururu inagonga mawe, kila ndoo ya kifusi lazima ivutwe kwa kamba kutoka mbali zaidi, na hewa ya chini ni nzito. Maji yakapatikana mita ya 12. Nikaitwa nipige hesabu, kwa kuwa mimi ni mwalimu.

Sikuketi. Nilisimama palepale kwenye kifusi, nikapiga kichwani. Mita 12, nyongeza 5,000 kila moja, hiyo ni 60,000. Ongeza 20,000 ya mwanzo, basi mita ya mwisho ni 80,000. Ya kwanza na ya mwisho, 100,000. Mara 12, nusu yake, 600,000. Nikasema kwa sauti, watu wakaitikia, jirani akaingia ndani akatoa fedha zake.

Jioni mchimbaji akarudi. Shule aliiacha akiwa mdogo. Alikuja na kipande cha ubao alichoandika kwa mkaa, mita baada ya mita: 20, 25, 30, 35, 40, 45, 50, 55, 60, 65, 70, 75. Mita ya 12 ilikuwa imesimama kwenye 75, siyo 80. Jumla yake ilikuwa 570,000. Akaweka 30,000 juu ya meza ya jirani, akasema, "Mama, hii siyo yangu." Mimi nilikuwepo. Niliupitia ule ubao kwa kidole, mstari kwa mstari, nikitafuta alipokosea. Hakuwa amekosea.

Mita ya kwanza haikuongezewa kitu, mwanangu. Nyongeza ilianza mita ya pili. Mita zilikuwa 12, nyongeza zilikuwa 11. Nyoosha kiganja chako uone: vidole ni vitano, nafasi kati ya vidole ni nne. Kutafuta namba ya mwisho, daima toa moja kwenye idadi kabla ya kuzidisha hatua. Kanuni ya kujumlisha niliyotumia ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokuwa kibovu ni namba ya mwisho niliyoitia ndani yake, na kanuni haina uwezo wa kukataa namba mbovu. Hata simu yako isingenisaidia siku ile. Ningeiandikia 80,000, nayo ingenijibu 600,000 bila kusita.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za mwandishi wa Misri ya kale, Ahmes, aliyenakili hesabu kwenye karatasi ya mafunjo karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo. Mafunjo hayo leo yako London, katika Makumbusho ya Uingereza. Moja ya hesabu zake ni kugawa vipimo 10 vya shayiri kwa watu 10, kila mtu ampite mwenzake kwa moja ya nane ya kipimo. Angalia mzee huyu wa Afrika alivyokwenda. Kwanza akasema, vipimo 10 kwa watu 10, wastani ni kipimo kimoja. Halafu akahesabu tofauti zilizopo kati ya watu. Hakuandika kumi. Aliandika tisa. Akachukua nusu ya moja ya nane, yaani moja ya kumi na sita, akazidisha mara tisa, akaiongeza kwenye wastani. Mwenye fungu kubwa akapata kipimo kimoja na sehemu tisa za kumi na sita. Kuanzia hapo akawa anapunguza moja ya nane kwa kila mtu, mpaka wa mwisho akapata sehemu saba za kumi na sita. Jumlisha mafungu yote, yanarudi vipimo 10 kamili. Niliposoma ile tisa nilikikumbuka kisima cha jirani, nikafunga kitabu kwa muda.

Utaniambia haya ya visima na shayiri hayakuhusu, wewe unataka kufaulu tu. Haya, tuseme umefaulu. Umemaliza shule, umeanza biashara, unataka mkopo wa shilingi 1,200,000, kurejesha 100,000 ya deni kila mwezi kwa miezi 12. Wakopeshaji wawili wanakuambia jambo moja: riba asilimia 2 kwa mwezi. Utachagua yupi?

Wa kwanza anatoza riba juu ya deni lote la mwanzo, kila mwezi, hata kama umekwisha lipa nusu. Hiyo ni 24,000 mara 12, sawa na 288,000. Wa pili anatoza juu ya salio lililobaki. Mwezi wa kwanza 24,000, wa pili 22,000, wa tatu 20,000, inashuka kwa hatua sawa mpaka mwezi wa mwisho, 2,000. Unaijua tayari. Ya kwanza na ya mwisho ni 26,000, mara 12, nusu yake: 156,000. Mdomoni asilimia ni ileile. Mfukoni tofauti ni shilingi 132,000, na kwa mtu anayeanza biashara hizo zinanunua mzigo. Nimewaona vijana wakisaini karatasi hizi wamesimama, kalamu ya kuazima mkononi, foleni inawasukuma kwa nyuma. Omba kiti. Uliza riba inatozwa juu ya nini. Ukikuta mtu anatoza riba juu ya riba, hapo hatua si sawa tena na kanuni hii haifanyi kazi. Pima kwanza tofauti kati ya namba tatu nne za mwanzo. Zisipolingana, weka kanuni chini.

Na sasa kile kibubu chako. Nimekiona pale juu ya kabati, na karatasi uliyobandika. Wiki ya kwanza 1,000, ya pili 2,000, ya tatu 3,000, hadi wiki ya 52. Nimefurahi sana kuona umeanza. Jumla yake, 1 na 52 ni 53, mara 52, nusu, ni 1,378. Yaani shilingi 1,378,000 ifikapo mwisho wa mwaka. Ndiyo maana vijana wengi hukipenda. Unaanza na noti moja ndogo, unaishia na fedha ya kununua cherehani.

Ila jumla ina kitu kimefichwa ndani yake, na mtu mwenye haraka hakioni. Jumlisha wiki 26 za kwanza peke yake: 351,000. Nusu ya mwaka imepita na hujafika hata theluthi. Wiki 26 zilizobaki zinakudai 1,027,000. Wiki nne za mwisho pekee, yaani 49, 50, 51 na 52, zinadai 202,000, na hizo zinaangukia Desemba, wakati watu wanasafiri kwenda kwao, nguo za sikukuu zinanunuliwa na ada za Januari zinanukia. Hapo ndipo vibubu vinapovunjwa. Wenye vibubu hujilaumu kwamba hawana nidhamu. Wengi wana nidhamu ya kutosha. Waliitazama wiki ya kwanza, hawakuitazama ya mwisho.

Basi oanisha wiki zako. Ya 1 na ya 52 ni 53,000. Ya 2 na ya 51 ni 53,000. Kila jozi ya wiki ni 53,000, maana yake kibubu hiki kinakuomba wastani wa 26,500 kila wiki, mwaka mzima. Hilo ndilo swali la kujiuliza, siyo kama una 1,000 leo. Je, kipato chako kinaweza kutoa 26,500 kwa wiki? Kama kinaweza, pindua mpango. Anza na 52,000 wakati nguvu ingali mpya, ushuke, na Desemba utadaiwa noti ndogo. Jumla haibadiliki.

Kama hakiwezi, mwanangu, usione haya. Bandua ile karatasi, andika nyingine. Anza na 500, panda kwa 500. Wiki ya mwisho itakuwa 26,000, na kibubu kitakuwa na shilingi 689,000. Mpango huo unauweza. Uandike leo, kabla hujalala.